Kompyuta kuukuu ikianza vituko, usikimbilie kupiga Windows

Asubuhi moja ya masika, dada mmoja mwenye steshenari Mbagala alinipigia simu huku foleni imefika barazani. Wanafunzi wanataka kuprintiwa, mzee ana fomu ya kuchapwa, na kompyuta ya mezani anayoitegemea kwa kila kitu imetoa skrini ya bluu. "Kaka, hii ni mara ya nne," akasema. "Fundi anakuja, anapiga Windows, inafanya kazi mchana kutwa, jioni nafunga vizuri. Asubuhi nikiwasha imerudi palepale." Kila mara alilipa. Kila mara pia alipoteza mafaili: wasifu wa wateja, mitihani ya walimu wa shule ya jirani, hesabu za duka lake mwenyewe.

Mtaani "kupiga Windows" ni kufuta mfumo endeshi wa kompyuta na kuuweka upya. Ni kazi halali, hata mimi huifanya. Ila siku hizi imegeuka Panadol. Kompyuta ikiwa nzito, piga Windows. Ikijizima, piga Windows. Ikilia milio, piga Windows. Na tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, limeongezeka jibu la pili: "Mashine yako imeshaekspaya, nunua nyingine." Kati ya majibu hayo mawili watu wanapoteza hela na kumbukumbu zao, ilhali tatizo mara nyingi ni kitu kidogo ambacho ukifungua sanduku unakiona kwa macho.

Mashine mpya ikisumbua, naanza kwa kuishuku programu. Lakini hizi Dell OptiPlex na HP Compaq za mtumba zilizojaa kwenye steshenari na ofisi ndogo za Dar zina miaka minane, kumi, kumi na mbili. Hapo naanza na vinavyochakaa: umeme, joto, betri, RAM, diski. Windows naiweka mwisho wa foleni ya watuhumiwa.

Duka la fundi cherehani

Kwanza tuelewane maneno, maana hapa ndipo wengi wanapopotezana na fundi. Watu huita sanduku zima "CPU". Mteja akiniambia CPU yake imekufa, bado sijajua chochote. CPU yenyewe ni prosesa, kipande kidogo cha ukubwa wa biskuti kilichojificha chini ya feni, nacho ni nadra sana kufa. Nikihesabu mashine zote nilizofungua, prosesa zilizokufa kweli hazijai viganja.

Fikiria duka la fundi cherehani. Kabati la vitambaa na nguo zilizokwisha kushonwa ndiyo diski. Kitu kikiwekwa humo kinabaki hata duka likifungwa. Meza ya kukatia ndiyo RAM. Ni hapo kazi ya sasa hivi inapotandazwa, na duka likifungwa meza inafagiliwa yote. Fundi mwenyewe anayekanyaga cherehani ni prosesa. Madabodi ni chumba chenyewe pamoja na njia za kupita kati ya kabati, meza na cherehani. Windows ni msimamizi anayepanga nguo ya nani ianze. Pawasaplai, lile boksi la chuma lenye feni ambamo waya wa ukutani unaingia, ndiyo inayoleta chakula cha watu wote hao.

Yupo na mmoja asiyejulikana sana, naye ni BIOS, programu ndogo inayokaa kwenye madabodi yenyewe. Huyu ni kijana anayefika alfajiri kufungua duka. Anawasha taa, anahakikisha meza ipo na kabati lipo, kisha anamkabidhi msimamizi funguo. Mkumbuke huyu kijana, tutarudi kwake, maana ndiye aliyemtesa dada wa Mbagala.

Sasa dalili. "Kompyuta imekufa" ni sentensi moja yenye maana nne. Ya kwanza: ukibonyeza kitufe hakuna taa wala feni. Ya pili: feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi. Ya tatu: inawaka, kisha inaganda au kujizima katikati ya kazi. Ya nne: inatoa maneno, iwe kwenye skrini ya bluu au maandishi meupe juu ya weusi. Ukimweleza fundi ni ipi kati ya hizi, umemwokolea nusu saa, na wewe umejiokolea hela ya nusu saa hiyo.

Anza ukutani

Pawasaplai inapokea volti 230 za ukutani na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 ambazo vipande vya ndani vinaweza kula. Umeme ukicheza, ukikatika na kurudi kwa kishindo, au Luku ikiisha katikati ya kazi, yeye ndiye anayepigwa kofi la kwanza. Kwa hiyo mashine isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, usiguse kitu kingine kabla ya kuichomeka moja kwa moja ukutani bila ile ekstensheni inayobeba pia friji ya soda, feni na chaja tatu za simu. Kisha chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, uchomeke tena. Inaonekana kama uchawi, lakini kinachofanyika ni kwamba saketi za ulinzi zilizokuwa zimejifunga zinapata nafasi ya kuanza upya. Mashine nyingi nimezifufua hivyo mbele ya mwenye nazo, nikaona aibu kudai hela.

Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ile 115 ni ya Marekani. Mashine ya mtumba ikifika hapa swichi ikiwa 115 na ukaichomeka kwenye umeme wetu, utasikia pa! na harufu ya kuungua, na hapo safari imeisha. Iangalie kabla ya kuchomeka. Na tafadhali, pawasaplai yenyewe usiifungue. Ndani mna kapasita zinazoweza kushika umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kapasita zilizo kwenye madabodi unaweza kuziangalia bila kuzigusa. Ni vikopo vidogo vyenye vichwa vya bati. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa kama kifuniko cha kopo la maziwa. Kikiwa kimevimba, au kina ute wa kahawia uliokauka, umempata mchawi. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na kapasita mbovu, na mashine yenye ugonjwa huu hujiwasha upya ovyo bila ratiba. Fundi anayejua kushika chuma cha kulehemea anazibadilisha. Windows hapo inahusikaje?

Neno kuhusu UPS. Wengi wanayo, imewaka taa ya kijani, umeme ukikatika inazima papo hapo pamoja na kompyuta. Betri ya ndani ya UPS hudumu kama miaka mitatu hadi mitano, na joto letu huipunguzia umri. Ikishakufa, ile UPS ni ekstensheni nzito tu.

Vumbi, chumvi na mjusi

Kuna mashine inayofanya kazi vizuri asubuhi, halafu ikifika saa nane mchana inajizima. Ukiisubiri robo saa inawaka. Ukisikia ratiba ya namna hiyo, hasa kati ya Desemba na Machi, fikiria joto kabla ya kitu kingine. Prosesa ina ulinzi wake: ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguza kasi, na isipopoa inazima kila kitu ili isiungue. Mwenye mashine anaona "imekuwa nzito, halafu ikazima", na anaambiwa ni virusi.

Vumbi la Dar si jepesi kama la bara. Lina unyevu, na ukiwa karibu na bahari lina chumvi, kwa hiyo linaganda kwenye feni na mapezi ya chuma kama blanketi, na penye unyevu mwingi linaweza hata kupitisha umeme mahali pasipotakiwa. Sanduku likikaa sakafuni kwenye duka linalofagiliwa kila asubuhi, linavuta ufagio wote. Nimewahi kutoa mjusi kafiri mkavu kama bisi kati ya feni na pawasaplai. Mwenye duka aliomba nimpigie picha.

Kusafisha: zima, chomoa, toka nalo nje. Tumia brashi laini ya kupakia rangi na kipulizio, huku ukishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali inaweza kuharibika. Ukitoa feni ya prosesa utakuta ile grisi maalumu ya kupitisha joto (thermal paste) imekauka kama udongo. Futa kwa spiriti, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko, rudisha. Na sanduku lipande juu, hata juu ya matofali mawili.

Tarehe inayorudi nyuma

Sasa turudi Mbagala. Nilipofika sikugusa kibodi. Nilimwuliza dada swali moja: jioni unafungaje? Akasema anazima kompyuta vizuri, kisha anazima swichi kuu ya duka, maana anaogopa moto. Nikawasha mashine, nikaingia kwenye BIOS, nikaangalia tarehe. Ilikuwa Januari 2009.

Kwenye kila madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032: volti 3, upana milimita 20. Kazi yake ni kumtunzia kumbukumbu yule kijana anayefungua duka wakati umeme wa ukutani haupo. Anakumbuka tarehe, saa, na mipangilio: diski ianzie ipi, na izungumzwe nayo kwa mtindo gani. Betri ikifa, kijana anaamka kila asubuhi kasahau kila kitu na kurudia mazoea aliyotoka nayo kiwandani.

Mashine ya dada ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuzungumza na diski kwa mtindo unaoitwa RAID. Fundi, alipokuja na flashi yake ya Windows, hakuiona diski. Akafanya ambacho mafundi wengi hufanya: akabadilisha mpangilio kuwa mtindo mwingine, AHCI, diski ikaonekana, akapiga Windows, ikawaka, akalipwa. Jioni swichi kuu ikazimwa. Betri iliyokufa haikuweza kutunza ule mpangilio, na asubuhi kijana akarudi kwenye RAID. Windows, iliyofundishwa kufungua kabati kwa ufunguo mmoja, ikapewa mwingine. Ikatoa skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwenye Windows za zamani ni namba 0x0000007B, yaani "kabati silifikii". Mafaili yote yalikuwa humohumo, hayajaguswa. Yaliyoyafuta ni matibabu.

Niliweka betri mpya, ambayo bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai, nikarudisha AHCI, nikasahihisha tarehe. Mashine ikawaka bila kupigwa chochote.

Betri hiyohiyo inaleta balaa jingine linalowachanganya watu: intaneti ipo, WhatsApp ya simu inafanya kazi, lakini kivinjari cha kompyuta kinadai kila tovuti si salama. Tovuti huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 inaona vyeti vyote havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Watu wanabadilisha laini, wananunua bando jipya, wanampigia mtoa huduma. Angalia saa ya kwenye kona ya skrini kwanza.

Feni zinazunguka, kioo cheusi

Hapa anza na kioo chenyewe. Waya wa monita umekaa? Monita ina umeme wake? Na kama sanduku lina kadi ya picha iliyoongezwa, waya unatakiwa uchomekwe kwenye kadi. Ukiuchomeka kwenye tundu la madabodi utakaa mbele ya giza siku nzima.

Kama vyote vipo sawa, mtuhumiwa ni RAM. Unyevu wa pwani huweka ukungu mwembamba kwenye meno yake ya rangi ya dhahabu, na kijana wa BIOS akikosa meza ya kukatia hawezi kufungua duka. Mashine nyingi hulalamika kwa milio: piip ndefu, au mbili fupi, au tatu. Milio hiyo ni lugha, na kila mtengenezaji ana yake, kwa hiyo irekodi kwa simu na utafute maana ya modeli yako, usibahatishe. Dawa ni ya shule ya msingi. Zima, chomoa, gusa chuma cha sanduku ili kutoa umeme wa mwilini, chomoa RAM, sugua meno yake taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, pangusa kwa kitambaa kikavu, rudisha mpaka vibanio vya pembeni vilie. Kama ziko mbili, jaribu moja moja.

RAM inaweza pia kuwa mgonjwa anayetembea. Kompyuta inawaka, lakini kila siku inatoa skrini ya bluu yenye jina tofauti, na mafaili yanaharibika bila sababu. Makosa yanayobadilika-badilika ndiyo alama yake. Windows ina kipimo chake: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kubali kuwasha upya, iache ipime. Kipimo kikali zaidi ni MemTest86, unaichoma kwenye flashi na kuiacha usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuihukumu hiyo RAM.

Wanaouza wanapenda kusema "ongeza RAM itakuwa nyepesi". Wakati mwingine ni kweli. Ukiwa na GB 2 na kivinjari chenye kurasa kumi, meza imejaa. Ila uliza kwanza Windows yako ni ya biti ngapi. Ile ya biti 32, ya kawaida ya mezani, haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, na mara nyingi huonyesha kama 3 na kitu. Nimekutana na watu waliolipia GB 8 wakatumia nusu. Na RAM ya aina ya DDR2 haiingii kwenye tundu la DDR3, kijino kimekaa mahali tofauti, usitumie nguvu. Kuhusu kule kubonyeza "refresh" mara ishirini kila ukiwasha kompyuta: kitendo hicho kinachora upya tu picha ndogo zilizo kwenye skrini. Hakisafishi chochote. Endelea kama kinakupa raha.

Diski inaposema kwaheri

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, aghalabu mara 7,200 kwa dakika, na sindano inayoelea juu yake kwa umbali usioweza hata kupitisha unywele. Umeme ukikatika ghafla kila wiki kwa miaka kumi, usishangae sindano ikichoka. Dalili ni hizi: kufungua faili moja kunachukua dakika, taa ya diski inawaka bila kupumzika, kompyuta inaganda kisha inaendelea kama hakuna kilichotokea, au unasikia tik, tik, tik.

Unataka kujua kama imeganda kabisa au inasubiri diski? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikijibu, msimamizi yu hai, anasubiri mzigo kutoka kabatini. Isipojibu kwa dakika kadhaa, duka zima limesimama.

Ukishaishuku diski, hatua ya kwanza, kabla ya kipimo, kabla ya fundi, kabla ya chai, ni kunakili mafaili yako kwenda kwingine. Nasisitiza kwa sababu watu wengi, mafundi wakiwamo, hukimbilia amri ya chkdsk /r. Amri hiyo inaifanya sindano ipite kila kona ya sahani ikitafuta mabaka mabovu. Kwa diski yenye afya ni uchunguzi mzuri. Kwa diski inayokata roho ni sawa na kumkimbiza mgonjwa wa moyo kutoka Ubungo hadi Kimara. Okoa mafaili, ndipo upime. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo inasoma kumbukumbu ambazo diski inajitunzia yenyewe. Bluu ni nzuri, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Ikiwa njano, kupiga Windows juu yake ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa. Kabla ya kununua nyingine, hata hivyo, badilisha ule waya mwembamba wa SATA unaounganisha diski na madabodi. Mara nyingine ndio uliolegea.

Na ukinunua, nunua SSD. Mashine yoyote yenye tundu za SATA, mtindo uliotoka 2003, inaipokea. Haina sahani wala sindano. Hakuna matengenezo mengine yanayoibadilisha kompyuta kuukuu kiasi hicho, wala RAM mara mbili haifikii.

Maandishi yale yana maana

Ujumbe wa "No bootable device" au "BOOTMGR is missing" unawatisha watu bure. Kabla ya yote chomoa flashi, memori kadi na chochote kilichochomekwa, uwashe upya. Kijana wa BIOS huenda alijaribu kufungua duka kwa flashi ya mteja wa jana. Kama bado, rudi kwenye betri, waya wa diski, kisha diski yenyewe.

Skrini ya bluu nayo si kompyuta kulipuka. Ni Windows kusimama yenyewe kwa makusudi, kwa sababu imeona jambo ambalo ikiendelea litaharibu mafaili. Ipige picha kwa simu. Kinachotakiwa ni jina la kosa, na jina la faili kama limetajwa. MEMORY_MANAGEMENT ikijirudia, pima RAM. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR ni prosesa au bodi inalia, angalia joto na pawasaplai. IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL kwa kawaida ni draiva, yaani ile programu ndogo inayomfundisha msimamizi kuongea na printa, kadi ya picha au kadi ya mtandao, na hasa kama jina la faili linaishia na .sys. Jiulize umebadilisha nini wiki hii. Printa mpya? Apdeti? Antivirusi ya pili juu ya ya kwanza? Mbili hizo hugombana na kuigandisha mashine.

Wanaojua kufungua Event Viewer, daftari ambamo Windows huandika matukio yake, hukuta kosa jekundu la Kernel-Power 41, wakatafuta mtandaoni, wakaambiwa wabadilishe nusu ya kompyuta. Kosa 41 linasema tu kwamba mara ya mwisho mashine ilizimika bila kuagwa. Umeme ukikatika Tandika nzima, kompyuta zote zilizokuwa zimewaka zitaliandika.

Ukifikia hapa na vyote vya juu ni vizima, ndipo Windows inapohojiwa. Jaribu kuwasha kwa Safe Mode, yaani Windows ikiwa na vitu vya lazima tu: kwenye Windows 7 ni F8 mara tu inapoanza, kwenye Windows 10 shikilia Shift huku ukichagua Restart. Ikitulia humo, ondoa draiva au programu ya mwisho kuwekwa. Kisha, kwa Windows 10, fungua Command Prompt kwa kuchagua "Run as administrator", andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza andika sfc /scannow. Ya kwanza inaweza kula bando, jiandae. Zinarudisha mafaili ya mfumo yaliyoharibika bila kugusa yako.

Na virusi? Vipo, hasa vinavyosafiri kwa flashi za wateja wa steshenari. Kile maarufu kinageuza kila faili kuwa "shortcut", na watu wanaifomati flashi kwa hasira wakidhani yaliyomo yamefutwa. Kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa. Safisha kwanza kwa antivirusi, kisha kama flashi yako ni herufi E, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* uyaone yakirudi. Lakini virusi havivimbishi kapasita wala havifanyi RAM ipige piip.

Je, imeekspaya?

Baada ya 14 Oktoba 2025 Windows 10 haikuzimika. Kilichokoma ni viraka vya usalama vya bure vya kawaida; Microsoft iliweka mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Windows 11 inataka kijenzi cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kutoka 2017. OptiPlex yako ya 2012 haimo. Kuna njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi apdeti kwa mashine hizo, kwa hiyo sizipendekezi kwa mtu anayefungulia humo akaunti ya benki. Kwa kuchapa, kuskani na kuprinti, mashine yenye afya inaendelea. Kwa wanaohitaji intaneti salama bila kununua nyingine, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inakaa vizuri kwenye mashine za namna hii. Hakikisha tu kabla ya kuhama kwamba printa yako inakubali. Waliobaki na Windows 7 wana shida zaidi, kwani hata Chrome iliwaacha mapema 2023 kwenye toleo la 109.

Mimi huacha kutengeneza pale madabodi inapokufa. Bodi ya mtumba ya modeli ileile ni bahati nasibu, na bei yake pamoja na ufundi inakaribia sanduku zima jingine la Kariakoo. Ikifika hapo, toa RAM, toa SSD, toa hata betri, vitafaa kwingine. Diski ya zamani usiiache ndani ukiwapa sanduku wanunuzi wa vyuma chakavu. Dada wa Mbagala alikuwa na mbili za namna hiyo chini ya kaunta. Tulipozichomeka tulikuta nakala za vitambulisho vya nusu ya mtaa.